Wanavyosema Kuona

Jirani, Mama Tatu, anadai Mzee Ngwali alianza mchezo wake wa maneno siku ile daktari alipomwambia macho hayatarudi. Akawa anasuka jamvi mlangoni pa nyumba ya wageni, na akamuuliza kila mgeni kwao wanasemaje "kuona". Mmoja alisema bona, mwingine mona.

"Neno ni lile lile," mzee alimwambia binti yake, Zawena. "Wazee walitengana, wakaenda mbali, lakini hawakulitupa njiani."

"Sasa utafungua shule, baba?" Zawena alicheka, begi begani. Alikuwa anahamia kwa mumewe, nchi nyingine.

Mzee aliweka ukindu chini. "Neno la kale vile limebaki, na uso wako umeshaanza kunitoka akilini. Njoo niushike, mama."

Akanyoosha mikono. Barabarani dereva aliyekuja kumchukua Zawena alipiga honi, mara ya pili.