Baba Watatu Ukutani

Shaibu alifunga mapazia, akawasha projekta yake mpya ya dijitali, ndogo kama sahani. Marehemu baba yao akatokea ukutani akicheza kwenye harusi ya shangazi.

"Umeona?" alimwambia mdogo wake, Nasoro. "Haina kelele, haina joto. Yule wa chuma chakavu yuko nje na mkokoteni. Lile dude liondoke leo."

Dude lenyewe lilikuwa projekta ya zamani ya baba, yenye lenzi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ambazo mianga yake ikikutana ukutani hutoa picha moja ya rangi kamili. Shaibu alikuwa ameshaiburuta hadi mlangoni.

Nasoro aliinuka. "Kaka, huyu ni nani? Baba alikuwa mweusi tii. Wewe umempaka majivu!"

"Ndivyo mashine hizi zinavyoonyesha weusi. Utazoea."

"Nimzoee baba wa kijivu? Mzoee wewe!"

Akasukuma ile ya zamani hadi mahali pake, akahamisha waya, akaiwasha. Kumbe kule kuburutwa kumevuruga lenzi. Wakatokea baba watatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, kila mmoja akicheza kivyake.

Shaibu akacheka. "Aliyejua kuzilenga zikutane tumeshamzika, bwana mdogo."

"Jamani, tunabeba au hatubebi?" sauti ikauliza nje.

"Hubebi kitu hapa!" Nasoro alifoka.

Akapiga magoti, akazungusha kitufe cha lenzi ya kwanza. Baba mwekundu akasogea taratibu, akaingia ndani ya baba wa kijani, wakawa mtu mmoja wa njano. Shaibu hakucheka tena.

Pembeni, baba wa bluu alicheza peke yake, mkono ameunyoosha.