Matayarisho ya Mzazi Mmoja

Seremala alizima umeme wa nyumba nzima, akampa mwoka mikate tochi na kumwambia aitafute mwenyewe fyuzi iliyoungua. Kisha akaketi kwenye kiti cha jikoni, akakunja mikono kama msimamizi wa mtihani.

"Nikipigwa na umeme je?" mwoka mikate aliuliza.

"Swichi kubwa imezimwa. Hakuna cha kukupiga. Endelea."

Aliipata. Taa zilipowaka alicheka, na seremala naye akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Miaka yote hiyo ya kuvuta vumbi la mbao haikuwa imemwacha salama.

Mafunzo yalikuwa yameanza zamani. Mwoka mikate alikwisha kujifunza kubadilisha mpira wa bomba, kunoa visu, na kutomwamini fundi anayesema bomba lote limeoza kabla hajalifungua. Mwanamke anayelea peke yake, seremala alimwambia, akionekana hajui kitu, mafundi watamla mchana kweupe.

Maana mwoka mikate alikuwa ameshaamua. Alitaka mtoto, alijua atamlea peke yake, na hakutaka siku moja akute mtoto analia na kabati ni tupu. Akaiacha zamu ya alfajiri pale kwenye tanuri, ingawa ndiyo iliyolipa zaidi, akaomba ya mchana. Nani angebaki na mtoto kukiwa bado giza? Pengo la mshahara aliliziba kwa keki za harusi alizooka nyumbani, akiandika kwa sukari majina ya watu waliokuwa wanaanza maisha. Alilipia bima ya afya. Chumba cha mbele, chenye mlango wake wa nje, alikipaka rangi ili baadaye kipate mpangaji. Pikipiki iliuzwa. Seremala ndiye aliyemtafuta mnunuzi, na fedha zote zikaenda benki, kwenye akaunti ambayo mwoka mikate alijikataza kuigusa.

Msimamizi wake kazini alimwambia ana moyo wa chuma. Shangazi yake alisema amerukwa na akili, akaacha kumpigia simu. Mama yake, baada ya majuma kadhaa, alitokea mlangoni na begi la safari, bila kusema amekuja kwa muda gani.

Yalimtoka siku ya pili, wakimenya viazi.

"Mimi niliachwa na watoto watatu," alisema. "Sikuulizwa kama nataka. Wewe unakwenda mwenyewe, macho makavu, kwenye jambo lililonimaliza mimi."

"Ndiyo maana najipanga, mama. Wewe hukupata nafasi ya kujipanga."

Kule uani msumeno wa seremala ulikuwa umenyamaza. Mama akashusha sauti.

"Bado kijana wewe. Ngoja kidogo. Utampata mtu wa kuzeeka naye."

"Nataka mtoto. Sikusema nataka mtu."

Mama akajifuta macho kwa kiganja chenye maji ya viazi, akasingizia kitunguu. Kitunguu hakikuwapo. Lakini neno lile hakulirudia tena, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshapima chumba cha nyuma kwa hatua zake, akitafuta pa kuweka kitanda chake karibu na cha mjukuu.

Karakana ya seremala ilikuwa hapo hapo uani. Alikuwa ameacha kupokea kazi za watu. Tangu mvua zilipokatika alitengeneza vitu vya mtoto tu, akipiga randa huku amekaa kwenye kigoda. Kitanda cha kichanga kilikwisha, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Kikafuata kitanda kingine, kirefu zaidi. Kisha meza ya kusomea na kiti chake, vya mtoto wa miaka saba au minane. Mwoka mikate aliviona akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Si azaliwe kwanza?"

"Mbao zipo sasa hivi," seremala alisema bila kuinua kichwa.

Mwoka mikate akaketi chini kwenye maranda, karibu naye. Chai ikapoa kikombeni.

Siku ya kupandikizwa mimba ilipofika, walikwenda watatu kwa teksi. Kliniki ya uzazi ilikuwa ghorofani na lifti ilikuwa mbovu. Seremala alipumzika kwenye ngazi kila baada ya hatua chache. Kila aliposimama, mama naye alisimama, akilalamikia magoti yake mwenyewe ili asiulizwe mtu mwingine.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mpole. Maelezo alikuwa nayo: mwanamke atakayelea peke yake, kwa hiari yake. Alisema amewahudumia wengi wa namna hiyo, na kwamba wanaojipanga hivi hulea vizuri kuliko wanandoa wengi anaowajua. Asione haya hata kidogo. Kisha akafungua mlango wa chumba cha ndani. Mama angengoja kwenye benchi, alieleza, na kaka pia.

Mwoka mikate hakuingia. Aliushika mkono wa seremala, ambao siku hizi ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

"Huyu si kaka yangu, dada. Ni mume wangu," alisema. "Madaktari wake wanasema hatakuwapo mtoto akizaliwa. Mruhusu awepo leo."