Wageni Kwanza

Mzungu alikuwa anatazama juu, kwenye boriti za paa la mgahawa. Alitazama weee, kisha akafungua daftari na kuandika.

Fuatino, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, alijua kinachoandikwa: utando wa buibui. Paa lilifagiliwa asubuhi ile ile, ila buibui wa kisiwa cha Savai'i hawana adabu.

Binamu yake Siaosi, mfanyakazi wa bandarini, alikuwa amempigia simu mapema. "Dada, mwandishi wa lile jarida la Auckland kashuka na feri ya kwanza. Anachagua sehemu kumi za kula kisiwa kizima. Hajitambulishi, anakula tu na kwenda zake. Jipange."

Meza sita za Fuatino zilikuwa tupu tangu Mei. Kupika alijua, tena sana. Shida ilikuwa barabara yenyewe. Mgeni akipita mbele ya nyumba na watu wanakula, lazima aitwe aje ale. Na nyumba hazina kuta, na watu wa kijiji kile hawaachi kula. Hadi mgeni afike mgahawani, tumbo limeshajaa bure. Bila kutajwa kwenye jarida lile, Krismasi ingemkuta Fuatino amerudi mjini Apia kutandika vitanda vya hoteli. Akiwaza hilo tu, machozi yalimlengalenga.

Ndiyo maana jikoni hapakukalika. Shangazi Naoupu, jirani, alikuwa anakamua tui. Nyumba yake ilifurika jamaa kutoka ng'ambo, waliokuja kumwona mwanawe akipewa uchifu, na kila jamaa aliyesogelea mgahawa wiki ile alipachikwa kazi. Wawili walikuwa wanamenya magimbi. Wa tatu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, yeye aliingia kwa mlango wa mbele na kukaa mezani, miguu kaikunja nne.

Fuatino alimfuata mbio. "Wewe mtoto, unafanya nini hapo?"

"Naitwa Ruta, nimetoka Auckland. Nilitaka kula..."

"Nyote mmetoka Auckland. Na nani hataki kula? Wageni kwanza. Inuka."

Alimkokota hadi jikoni. Shangazi alimshika kidevu, akamgeuza kichwa huku na huku. "Huyu wa kwa marehemu Pele," aliamua. "Tazama masikio."

Ruta alipokea upepeo aliopewa. Akaenda kusimama nyuma ya mzungu kufukuza nzi.

Fuatino alitoa vyote alivyojaliwa. Samaki mbichi wa ndimu na tui. Majani ya magimbi yaliyofungiwa tui zito na kuokwa kwenye mawe. Nyama ya nguruwe, ngozi inalia ukiigusa. Mzungu alionja kila kitu kidogo kidogo, akahema, akasukuma sahani. Halafu akatazama tena boriti.

"Pepea sawasawa, mkono wako mzito hivyo umeugua?" Fuatino alimnong'oneza Ruta alipopita. "Anaandika nini?"

Ruta alichungulia. "Haandiki. Anachora."

"Anachora nini?"

"Mijusi."

Fuatino alitazama boriti. Kumbe na mijusi kawaona.

Alijikaza, akaenda mezani. "Bwana, chakula hakikukupendeza?"

Mzungu aliona haya. "Kitamu sana, mama. Ila tangu bandarini nimeitwa nyumba tano. Ningekataaje?" Alishukuru sana, akabeba daftari lake, akaondoka taratibu, mkono tumboni.

Fuatino alirudi jikoni, akakaa sakafuni akalia bila kujificha. "Nimekwisha, Shangazi. Kaondoka na mijusi."

"Lia huku unakula," Shangazi alisema. "Chakula hakina kosa."

Wakakaa wote chini, wakala kwa mikono kilichobaki, na kilibaki kingi. Ruta hakuacha kitu. Alikwangua hata sufuria kwa kidole.

"Tui hili mmelikamua mara ngapi?" aliuliza.

"Moja tu. Kwenu mnakamua mara ngapi, kumi?"

"Na majani mmechuma lini?"

"Mtoto huyu anauliza kama polisi," Shangazi alisema. "Ukimaliza, sahani zile pale."

Ruta aliziosha zote. Alipoaga, Shangazi alimkumbatia na kumpa kikapu cha magimbi awapelekee wa kwa Pele, na Ruta akakipokea.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Siaosi alifika na jarida kwapani, akamkuta Fuatino anafunga viti kamba, tayari kuviuza.

"Usinisomee," Fuatino alisema. "Mijusi wangu nawajua."

Siaosi alisoma hata hivyo, kwa sauti, na Shangazi akaja kusimama karibu.

"'Namba moja: kwa Fuatino. Ukifika, usikubali kukaa mezani. Wa mezani niliyemkuta hakumaliza hata gimbi. Ingia jikoni, pokea upepeo, na ukiambiwa mkono wako mzito, vumilia. Chakula chenyewe kinaliwa sakafuni, wageni wakishaondoka. Sahani zao ni safi, niliziosha mimi. Na Shangazi anisamehe kwa kile kikapu: masikio haya si ya kwa Pele, ni ya baba yangu, Mtonga.'"