Iodini Peke Yake

Mara ya tatu mashine ilitoa jibu lile lile: iodini. Chepkirui alisonya, akaiweka chupa ya maji pembeni, akaitazama kwa hasira.

Kazi yake pale maabara, Rockville, huku ughaibuni, ilikuwa kupima maji yanayotoka kwenye mtambo wa nyuklia ulio kando ya ghuba, kuona kama yana mionzi. Yaliletwa kila wiki, na miaka yote yalikuwa safi. Sasa wiki mbili mfululizo yana iodini ya mionzi, tena iodini peke yake. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mtambo ukivuja, iodini hutoka na ndugu zake wengi wenye mionzi kama yeye. Hii imefika bila ndugu hata mmoja. Kuna mtu anayachezea haya maji njiani, aliwaza.

Na njiani palikuwa na mtu mmoja tu, Ombeni.

Ombeni wa Bukavu, jirani yake kule Wheaton. Yeye mwenyewe Chepkirui ndiye aliyemwombea kazi ya kuchota maji hayo, akaapa mbele ya wakubwa kwamba huyu ni kama kaka yangu. Jumatatu majibu lazima yatoke. Akisema aliyoyaona, Ombeni hana kazi tena, na jina lake limechafuka. Akinyamaza, na kumbe mtambo unavuja kweli, basi kuna akina mama wanaonunua kaa wa ghuba ile na kuwapikia watoto wao. Atalalaje?

Halafu huyo Ombeni alikuwa amebadilika, aki! Zamani alibeba sanduku la chupa mpaka ndani, akadai chai, kisha akaicheka kwamba ni maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Siku hizi analiacha sanduku mlango wa nyuma, anatuma ujumbe, na ukitoka unakuta gari limeshakata kona. Kanisani anakaa kiti cha mwisho kabisa. Jumapili Chepkirui alipomfuata amsalimie, alirudi nyuma na kusema kwa sauti iliyokauka kwamba ana mafua. Mafua gani hayo yasiyo na kikohozi wala makamasi?

Ijumaa jioni Généreuse, mkewe Ombeni, alibisha hodi. Aliketi jikoni kwa Chepkirui, akaanza kulia kabla hata ya kuvua koti.

"Dada, bwana yangu ananiacha. Analala kule chini, basement, peke yake. Sahani yake, kijiko yake. Elsa anamukimbilia, yeye anajifungia. Vraiment, kweli, mutoto analia ku mulango mpaka anachoka. Iko na mwanamuke."

"Tangu lini?"

"Tangu aende Baltimore. Safari ya kazi mara mbili, simu imezimwa. Ya kwanza alirudi amenyamaza. Ya pili ndiyo akaanza kutukimbia."

Chepkirui aliacha kukoroga chai. Maabara haikuwahi kumtuma Ombeni Baltimore. Siku hizo aliomba ruhusa akisema Elsa anaumwa.

Kumbe! Mwanamke, ziara za siri, na sasa maji yaliyochezewa. Kuna watu wamemnunua, alijiambia. Alimshika Généreuse mkono, akamwambia asiwaze sana, kesho ataongea naye. Hakumwambia kwamba alishaamua kumfumania.

Jumamosi asubuhi alitangulia mferejini, nje ya uzio wa mtambo, pale maji ya uvuguvugu yanapomwagikia ghuba. Alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia mionzi, kile cha mkononi. Akakiinamisha juu ya maji. Kilitoa mlio mmoja mmoja, wa kawaida kabisa, kama kinavyofanya hata sebuleni. Maji hayana neno. Akaenda kujificha nyuma ya vichaka.

Ombeni alifika na chupa zake. Pampu ya kuvutia maji ilikufa wakati wa baridi, na wakubwa kila wakiulizwa walisema subiri. Basi akatumbukiza mpira wa maji mferejini, ncha ya pili akaitia mdomoni, akavuta kwa nguvu, akatema, kisha akauelekeza ndani ya chupa. Ndivyo watu wa kwao wanavyohamisha petroli kutoka pipani. Chepkirui hakuamini macho yake. Lakini hakuja kugombania usafi.

"Baba Elsa!" Alitoka kichakani. "Nani anakulipa?"

Ombeni aliruka, maji yakamwagika. "Dada, usikaribie!"

"Nisikaribie kwa nini? Kwani umetia nini humo?"

Akapiga hatua mbili tatu kumwelekea. Kifaa kikaanza kutatarika mkononi mwake. Nimekushika, mwizi wewe, alisema moyoni, na badala ya kufurahi akatamani kulia.

"Weka hiyo chupa chini! Iache hapo hapo, uje huku."

Ombeni aliiweka chini kando ya maji. Akapanda ukingo polepole, mikono juu, kichwa kimeinama. Chepkirui alingoja kelele zipungue. Hazikupungua. Kila Ombeni aliposogea zilizidi, mpaka zikawa mlio mmoja mrefu, na Chepkirui akajikuta anarudi nyuma huku akiitazama chupa iliyobaki kule chini peke yake.

Ombeni akasimama mbali kidogo. Akashusha zipu ya jaketi iliyokuwa imefungwa hadi kidevuni. Kovu jekundu lilimkata shingo upande hadi upande.

"Ni kansa," alisema kwa ile sauti yake iliyokauka. "Kidonge yenyewe, ya iodini, nesi aliileta ndani ya chuma, akanipa, akatoka mbio. Docta akasema nikae mbali na batu, hata kijiko tusichangie, juu ya mate." Akageuka kuutazama mfereji. "Hapa ku mayi, dada, hakuna batu."