Marehemu wa Gia Tano

"Mimi? Nimwonee mtu wivu kwa gari? Labda nizaliwe upya!" Shomari alijigamba njiani, akimsindikiza rafiki yake Mbwana kuchagua gari la mtumba. Mbwana alimtegemea kwa ujuzi wake wa magari. Mama yake Mbwana, Bi Zena, alikuja kutia baraka.

Kwenye yadi ya magari, wakaliona. Jekundu, refu nyuma, vioo vyeusi, gia za mkono, limeinama mbele kama chui anayevizia. Na bei yake Mbwana aliiweza.

Kitu kikamkwaruza Shomari kifuani. Akafungua boneti, akanusa kijiti cha oili, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Ndugu yangu, injini hii ni marehemu. Chukua lile jeupe kule, la otomatiki. Limetulia kama wewe."

Mbwana akamfuata muuzaji shingo upande. Bi Zena alikuwa keshalalamikia miguu na kwenda kutafuta pa kukaa.

Shomari akatazama huku na huku, akajitupa nyuma ya usukani. Ufunguo ulikuwamo. Akawasha, akaipapasa gia kama kichwa cha paka. Injini ikanguruma tamu mpaka akafumba macho.

"Kipenzi," akanong'ona, "mjinga yule akiondoka tu, wewe ni wangu."

Kiti cha nyuma kikaguna.

"Mwanangu Shomari," sauti ya Bi Zena ikauliza taratibu, "huyu marehemu mbona anapumua?"

Shomari akafumbua macho. Kwenye kioo, Bi Zena alikuwa anafunga mkanda.