Jaa Halizimiki

Nyevu alipowapelekea wanajeshi chai, aliiona kwanza leso ya afande. Kila alipofuta kioo cha mtambo wa mawasiliano, ilitoka nyeusi, rangi ya makohozi ya mwanawe.

Kwa mazoezi ya siku hiyo redio zilikuwa zimezimwa. Ujumbe ulipaswa kwenda kwa mwali wa leza hadi kambi ya pili, ng'ambo ya mtaa wa Junda, na moshi wa jaa la taka lililokuwa likiungua hapo kati uliuzuia.

"Nataka jaa hilo lizimwe sasa hivi!" afande alifoka.

Malori ya maji yalifika kabla chai ya Nyevu haijapoa, na moshi ukakatika.

"Haya dada, vuta hewa safi! Shukuru jeshi," afande alicheka.

Miaka sita Nyevu aliambiwa na maofisa wa jiji kwamba jaa halizimiki.

Alitema mate. "Mwanangu akohoa moshi huu tangu azaliwe. Kumbe jaa huzimika, afande?"