Dakika ya Nne

"Mama, hii ndiyo apdeti ya mwisho ya programu yake," akaniambia fundi wa soko la Katito. "Bila hiyo, ikizimika haitawaka tena. Lakini itafuta kila kitu ndani."

Ilikuwa mashine ya muziki ya marehemu mume wangu, ghali kuliko ng'ombe. Aliweka humo wimbo wa kwaya yetu, aliourekodi mwenyewe. Wimbo ulikuwa umesimama dakika ya nne, pale alipouacha siku aliyofariki. Sikuwa nimewahi kuusogeza.

"Acha kwanza nisikie mwisho wake."

Nikagusa kioo cha mashine, juu ya alama ya kidole cha mume wangu. Kwaya ikamaliza. Kisha ikaja sauti yake, karibu sana: "Jacinta, uko hapo?"

Kwetu marehemu akikuita, huitiki. Ukiitika, umemfuata kaburini. Fundi akaacha waya, akanitazama.

Nikataja jina la Yesu.

"Niko, Mzee," nikajibu.